Kinanguruma lakini hakiendi: kutafuta hitilafu kwenye vifaa vya kando ya reli za treni za mfano, vya zamani na vya sasa

Treni ikizunguka meza, watu huitazama mara mbili tatu, kisha macho huhamia pembeni: kwa mlinzi anayechomoza kibandani na taa mkononi, kwa ng'ombe wanaotoka zizini wenyewe na kuingia behewani, kwa mtu aliyevaa nguo nyeupe anayesukuma makopo ya maziwa nje ya mlango wa behewa. Vifaa hivi ndivyo vinavyoupa uhai mji wa mezani. Ndivyo pia vinavyokwama mara nyingi kuliko injini yenyewe.

Ninaishi Marekani. Ndugu na marafiki wakibahatika kupata seti za Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za mfano, kwenye minada ya vitu vya nyumbani huniletea nizitazame, na wengine hunipigia simu kutoka Dar es Salaam au Mombasa baada ya kupelekewa sanduku zima. Malalamiko yao yanafanana sana. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kuanzia sababu inayoonekana mara nyingi hadi ile ya nadra. Nazungumzia geji ya O (geji ni kipimo cha upana wa njia ya reli), hasa Lionel ya 1945 hadi 1969, miaka ambayo wakusanyaji huiita ya baada ya vita, sambamba na matoleo ya sasa. Mwenye American Flyer ya kampuni ya A.C. Gilbert, geji ya S, ataona mengi yanamhusu pia.

## Kabla ya yote, kigeuze uone tumbo lake

Usiamini sanduku. Miundo mingi ya miaka ya 1950 imetolewa upya, na kifaa kilichonunuliwa juzi huenda kina koili ileile ya kizamani ndani yake. Kilicho muhimu ni kujua kinasukumwa na nini.

Cha kwanza ni koili na chuma. Ukibonyeza kitufe, koili inavuta kipande cha chuma, kinasukuma mkono au mlango. Ukiachia, springi au uzito unakirudisha. Mlinzi namba 145 wa mwaka 1950 anafanya kazi hivyo, na behewa la maziwa namba 3462 la 1947 pia.

Cha pili ni kitetemeshi. Hapa koili haivuti kitu kikaenda. Inatikisa sahani ya chuma haraka sana. Ng'ombe wa zizi namba 3656 na vigari vya mizigo vya stesheni namba 356 vina vidole vya mpira chini, vimeinama upande mmoja. Sahani ikitetemeka, vidole vinavisukuma mbele. Hakuna mkanda wala gia.

Cha tatu ni mota. Ya zamani ni nzito, ina brashi za kaboni na inatumia umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo kila mara), kama kwenye kipakia magogo namba 364. Ya sasa ni kijimota cha DC (umeme wa mwelekeo mmoja) cha umbo la kopo, nyuma ya bodi ya elektroniki inayogeuza AC kuwa DC.

Ukishajua ni kipi kati ya hivyo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu dalili moja ina sababu tofauti kabisa kwa kila aina.

Simama hapa kwanza. Transfoma ya zamani ambayo waya wake wa ukutani umekuwa mgumu, umepasuka au unamwagika vipande ukiukunja, usiichomeke hata kwa jaribio la dakika moja. Waya huo unabeba umeme wa ukutani. Kuubadilisha ni kazi ya fundi umeme, na kufungua transfoma yenyewe ni kazi ya fundi tu. Mengine yote humu yanafanyika kwenye upande wa volti ndogo, plagi ikiwa imechomolewa kila unapogusa waya.

## Dalili: hakifanyi chochote kabisa

*Mgusano mchafu.* Hii ndiyo sababu inayoongoza. Vituo vya waya vya zamani vina nati ndogo za shaba ambazo kwa miaka sitini hujenga utando. Zifungue, sugua kwa msasa laini, zirudishe. Kwa behewa la maziwa, angalia viatu vya kuteleza vilivyo chini yake. Vinapata umeme kutoka reli mbili za ziada kwenye kipande maalumu cha reli, RCS au UCS. Behewa hilo likisimama kwenye reli ya kawaida halitafanya kitu hata ubonyeze mpaka kesho, nalo ni zima.

*Kitufe.* Plagi ikiwa imechomolewa, unganisha waya wawili wa kituo cha kitufe pamoja, kisha ichomeke kwa sekunde moja tu. Kifaa kikiruka, kitufe ndicho kibovu.

*Waya umekatika ndani ya ganda lake.* Waya za zamani huonekana nzima kwa nje. Pima kwa multimita, kifaa kikiwa hakina umeme.

*Koili imekatika.* Multimita ikionyesha hakuna njia kabisa kati ya ncha mbili za koili, angalia kwanza pale waya mwembamba unapoungana na kituo. Mara nyingi umekatika hapo juu tu na unaungika kwa lehemu. Ikiwa umekatika ndani, koili isukwe upya au ibadilishwe.

Kwa kifaa cha sasa, mpangilio unageuka: anza na umeme unaokilisha. Soma lebo, halafu soma lebo ya adapta. Majengo ya mfano yanayouzwa na Menards, maduka ya Marekani, hutumia DC ya volti 4.5. Ukiyaunganisha na volti 14 za AC za transfoma ya treni, taa zinaungua papo hapo na hakuna cha kusafisha. Ikiwa lebo inasema DC, angalia pia chanya na hasi ziko upande gani.

## Dalili: kinanguruma lakini hakisogei

Hii ndiyo simu ninayopokea kuliko zote, na ndiyo yenye mambo mengi.

Kama ni koili na chuma, kitu cha kwanza kushuku ni mafuta. Mtu amekiona kinakwama akakitia mafuta ya cherehani. Mafuta yakavuta vumbi, yakakauka, yakawa gundi. Toa chuma kinachoteleza, kisafishe kwa spiriti na kitambaa, safisha tundu la koili kwa kijiti cha pamba, kisha kirudishe kikavu. Kikavu, bila mafuta. Kikianguka chenyewe ndani ya tundu ukiinamisha kifaa, kimepona. Baada ya hapo angalia kama mkono umepinda au mlango unagusa ukuta wa plastiki. Mlango wa kibanda cha mlinzi hukwama kwa kupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni mpaka uufungue na kuufunga kwa kidole polepole.

Sababu ya tatu ni volti ndogo, na kinachofanya iwe ndogo mara nyingi ni waya mrefu na mwembamba. Pima kwenye kifaa chenyewe wakati kitufe kimebonyezwa. Kupima kwenye transfoma hakusaidii.

Usishikilie kitufe. Koili hizi ziliundwa kupata umeme kwa sekunde chache. Ukishikilia kwa nusu dakika ukisubiri iamke, utaipika.

Kama ni kitetemeshi, kunguruma ni afya yake. Swali ni kwa nini vitu havitembei. Anza na vidole vya mpira au nyuzi chini ya ng'ombe na vigari. Vikiwa vimekauka, vimelala au vimechanika, hakuna marekebisho yatakayosaidia. Nunua pedi mpya, zinatengenezwa hadi leo. Vikiwa vizima, futa njia ya chuma kwa spiriti. Alama za vidole vya mtu zinatosha kumzuia ng'ombe.

Kisha volti. Vitetemeshi havitaki umeme mwingi, vinataka umeme sahihi. Viunganishe na mkono wa transfoma unaopanda na kushuka, uanze chini, upandishe taratibu mpaka waanze kutembea, na uache hapo. Ukizidisha wanaruka, wanaanguka na kuziba mlango.

Halafu usawa. Zizi langu la kwanza lilinitesa wiki nzima: ng'ombe walifika kona moja wakakaa, wanatikisa vichwa. Nilibadilisha pedi, nikasafisha njia, nikapima koili. Mwisho niliinama mpaka jicho likawa sawa na meza, nikaona kona ya nyuma ya zizi imezama mahali ubao ulipojikunja. Nilikunja risiti mara nne nikaiweka chini ya kona ile. Ng'ombe wa kwanza alitoka, akafuatwa na wa pili, na mwanangu akawahesabu mpaka wa mwisho. Tangu siku hiyo naanza na usawa wa meza kabla ya bisibisi.

Ikiwa yote hayo ni mazima, ndipo utafute sahani iliyolegea, au nafasi kati ya koili na chuma iliyopanuka. Baadhi ya vifaa vina skrubu ya kurekebisha. Igeuze robo mzunguko, jaribu, rudia, na weka alama ya kalamu mahali ilipoanzia.

Umetumia adapta ya DC? Kosa hili nimekutana nalo mara nyingi, hasa kwa waliopata kifaa bila transfoma na wakachukua adapta ya kompyuta. Kitetemeshi kwenye DC kinavuta mara moja, "tak", kisha kinanyamaza na kuanza kupata moto. Koili nayo huchukua umeme mwingi kuliko inavyochukua kwenye AC ya volti zilezile. Chomoa. Mara nyingi haijaharibika bado, ipe AC.

Umeme wa nyumbani ni Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde? Hili linawahusu walio Tanzania, Kenya, Oman, na walio Ulaya. Vitetemeshi vya Marekani viliundwa kwa Hz 60, yaani mitikisiko 120 kwa sekunde. Kwa Hz 50 inakuwa 100, na kile kilichokuwa kikikimbia kinakuwa kizito au kinarudi nyuma kidogo. Mara nyingi nafasi ya sahani na volti zikirekebishwa kitatembea, ila usitegemee kasi ileile. Mota za zamani za brashi hazijali sana tofauti hiyo, na za sasa za DC hazijali kabisa.

Kinachojali ni transfoma. Kipunguza umeme cha 230 kwenda 110 kinashusha volti, lakini Hz zinabaki 50, na kiini cha chuma cha transfoma iliyoundwa kwa volti 115 na Hz 60 kinabeba kama asilimia 15 zaidi ya kilichokusudiwa. Inapata moto hata bila treni. Ushauri wangu ni wa wazi: transfoma ya Marekani ibaki kuwa pambo rafuni, na ununue transfoma iliyotengenezwa kwa volti 230 na Hz 50 inayotoa AC ya volti zinazofaa, yenye fyuzi upande wa kutokea. Mwache fundi umeme aiunganishe.

## Dalili: mota inasikika lakini hakuna kinachosogea

Kwa kifaa cha zamani, tazama mkanda. Mikanda ya miaka ile hukauka na kunyooka, ikateleza bila kushika. Halafu grisi: iliyokaa miaka mingi inageuka nta. Ikwangue, safisha, weka kidogo tu mpya, na tone moja la mafuta kila mwisho wa mhimili wa mota. Brashi zikiwa fupi au zimefunikwa na mafuta, mota inaunguruma bila nguvu na inatoa cheche. Zisafishe au zibadilishe.

Kwa kifaa cha sasa, nashuku gia ya plastiki iliyopasuka pale inaposhika mhimili wa mota. Mhimili unazunguka ndani yake, gia imesimama. Ufa wake ni mwembamba kama unywele; tumia taa na lenzi. Gundi haishiki pale kwa muda mrefu, kwa hiyo tafuta gia mpya kwa kuhesabu meno na kupima tundu. Sababu nyingine ni swichi ndogo ya mwisho wa mwendo iliyosogea, ambayo inaiambia bodi kuwa kazi imekwisha kabla haijaanza.

## Dalili: taa zinawaka lakini sehemu inayotembea imekufa

Dalili hii karibu kila mara ni ya kifaa cha sasa. Jaribu kuzima umeme kwa dakika moja kisha uwashe. Bodi nyingine hujifunga zikiona mzigo mkubwa. Angalia kama kuna kitu kimeuzuia mkono. Angalia plagi ndogo za ndani, hutoka wakati wa usafiri. Ikiwa mota yenyewe inazunguka ukiipa umeme mdogo wa DC wa betri, tatizo liko kwenye bodi.

Hapo simama. Bodi hazitengenezeki kwa kubahatisha, na kwa vifaa vingi vipuri vyake havipatikani baada ya miaka michache. Mpe fundi wa elektroniki, au mwulize muuzaji kabla dhamana haijaisha. Hapa ndipo kifaa cha zamani kinapokishinda kipya: koili ya 1950 mtu anaweza kuisuka upya jikoni kwake, bodi ya jana hawezi.

## Dalili: mlinzi hatoki treni ikipita, au akitoka harudi

Mfumo wa zamani unategemea uzito. Sahani ya mgusano, 145C au 153C, inakaa chini ya reli. Treni ikipita reli inashuka kidogo, mgusano unafunga. Sababu kuu ya kushindwa ni reli iliyokazwa mezani kwa skrubu, isiyoweza kushuka hata nukta. Legeza skrubu za vipande viwili vya jirani. Ya pili ni nati ya kurekebisha: ikikazwa mno, inataka treni nzito kuliko uliyonayo, ikilegezwa mno, uzito wa reli peke yake unatosha kufunga, na mlinzi anabaki nje akipika koili yake. Rekebisha treni ikiwa imesimama juu.

Kwa reli za sasa za FasTrack, zenye kitako cha plastiki, usihangaike na sahani ya uzito. Tumia kipande chenye reli ya pembeni iliyotengwa, ambapo magurudumu yenyewe yanafunga njia ya umeme. Njia hiyo hufanya kazi hata kwenye reli za zamani ukitumia pini za faiba zisizopitisha umeme badala ya za chuma, nami naipenda kuliko zote kwa sababu haina kitu cha kurekebisha.

Wenye kihisi cha infraredi: kisogeze mbali na jua la dirishani na balbu za joto, angalia kirekebisho cha muda wa kuchelewa, na ujue kuwa mabehewa meusi yasiyong'aa hurudisha mwanga mdogo.

## Dalili: joto kali, harufu, moshi, cheche

Chomoa kwanza, uulize baadaye. Koili ikiwa imeyeyusha plastiki au imekuwa nyeusi, usiijaribu tena.

Sababu inayoongoza siku hizi inatokana na kuchanganya vizazi. Zamani watu walichukua umeme wa kifaa kutoka kwenye reli, na volti za reli zilipanda na kushuka na kasi ya treni. Mifumo ya sasa ya kuendesha kwa rimoti huacha volti 18 kwenye reli wakati wote. Koili ya mlinzi wa 1950 iliyozoea volti 12 hadi 14 inapokea 18, na sahani ikikwama, inapokea bila kupumzika. Vipe vifaa vya zamani transfoma yao wenyewe.

Sababu ya pili ni hizo transfoma mbili zikipishana. Zikishirikiana waya wa kurudi huku wimbi la umeme la moja likipanda wakati la nyingine linashuka, kati yao kunakuwa na jumla ya volti za zote mbili. Unganisha nyaya za kurudi tu, weka zote kwenye volti zilezile, pima kati ya vituo vyao vingine. Karibu sifuri ni salama. Ukiona volti maradufu, na plagi ni ya zamani isiyo na upande, igeuze moja ukutani. Kama plagi haigeuziki, mwite anayejua umeme.

Multimita ya bei rahisi inaweza kukudanganya hapa: transfoma nyingi za sasa hukata wimbi la umeme badala ya kulishusha, na mita ya kawaida husoma vibaya. Kukata huko pia ndiko kunakofanya baadhi ya vitetemeshi vya zamani vipige kelele kubwa.

## Dalili: taa ni nzima lakini mnara umeacha kuzunguka

Watu hubadilisha balbu na kuweka LED ili kupunguza joto, wazo zuri karibu kila mahali. Paa la plastiki la kibanda cha 145, kwa mfano, huweza kulainika juu ya balbu ya zamani. Ila mnara namba 394, wa 1949 hadi 1953, hauna mota. Kichwa chake kinakaa juu ya ncha kama sindano, na hewa moto ya balbu ndiyo inayokizungusha. Ukiweka LED, umeondoa injini. Rudisha balbu yake yenye kishimo juu, hakikisha mnara umesimama wima, na upepo wa feni haufiki. Mrithi wake, namba 494, anazungushwa na kitetemeshi, kwa hiyo rudi juu kwenye vidole vya mpira.

Kisima cha mafuta namba 455 kina habari hiyohiyo: mapovu kwenye kijiti chake cha kioo yanachemshwa na joto la balbu. Usitie LED, na usikichemshe kwa kiberiti kuona kama ni kizima. Kimiminika kilichomo ni kloridi ya methilini, na mvuke wake ni sumu. Kijiti kikipasuka, toa watoto chumbani, fungua madirisha, vaa glavu, weka vipande kwenye mfuko unaofungwa, na usirudi mezani mpaka chumba kipate hewa ya kutosha.